Namna ya kuingia kazi ya msaidizi wa mwalimu hapa Uganda, na namna ya kusonga mbele kutoka hapo

Muhula wangu wa kwanza ndani ya P.1, yaani darasa la kwanza la praimari, kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kulikuwa na katoto kamoja ka kike kalikuwa kanalia kila siku kwenye saa nne ya asubuhi. Ticha wa darasa, mama mmoja wa Isingiro mwenye roho nzuri sana, alikuwa na Kinyankole na Kiingereza, mtoto alikuwa na Kihunde na Kiswahili cha Kivu, na watoto darasani walipita 100. Siku tatu ticha anafikiri ni njaa, anamtafutia uji. Siku ya nne nikachuchumaa pale kwenye mkeka nikamuuliza polepole, kumbe hajui choo kiko wapi na anaogopa kuuliza. Nikamshika mkono tukaenda, tukarudi, kilio kikaisha hadi muhula ukafungwa.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kila Januari dada na kaka zangu wananiuliza wanaingiaje, wanasoma nini, wanalipwa na nani, na wakishaingia wanaenda wapi, sasa naandika yote hapa kwa mpangilio ule ambao mimi ningependa kuambiwa zamani.

Hatua ya 1: jua unaomba kazi gani kabisa

Hapa jina moja linabeba kazi nne tofauti, na watu wanapoteza nauli sababu ya hilo.

Kwenye shule za makambi (Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja, Kyangwali na zingine) kuna klasirumu asistanti. Huyu anawekwa P.1 mpaka P.3 hivi kwa sababu watoto wanakuja na lugha ambayo ticha hana, na mara nyingi anaajiriwa na shirika linalosimamia elimu pale kambini, serikali haimlipi. Kwenye nasari kuna keagiva, analea na kufundisha watoto wa miaka 3 mpaka 5, yaani bebi, mido na topu klasi. Nasari karibu zote ni za watu binafsi, makanisa, misikiti na jamii, maana hata ile Sheria ya Elimu ya 2008 iliacha elimu ya kabla ya P.1 mikononi mwa watu binafsi, kwa hiyo mshahara unategemea mwenye shule na ada za wazazi. Alafu kuna ticha asistanti wa shule za kimataifa za Kampala, zile zenye mtaala wa Uingereza na kadhalika, ambako kila darasa dogo lina mwalimu mmoja na msaidizi wake. Na kuna msaidizi wa mtoto mmoja mwenye ulemavu, huyo nitamrudia chini maana ana mengi.

Sasa mtego uko hapa. Ukiona tangazo la wilaya limeandikwa "Education Assistant" usikimbilie na cheti chako cha S.4, yaani mwaka wa nne wa sekondari. Serikali ya Uganda inamwita hivyo mwalimu kamili wa praimari, yule amesoma chuo cha ualimu na amesajiliwa wizarani. Namjua kijana alitoka Rwamwanja na boda mpaka wilayani na faili lake mkononi, akarudishwa mlangoni.

Hatua ya 2: karatasi zako, na majina yako

Mlango wa chini kabisa ni UCE, matokeo ya S.4. Ukiwa nayo ya Uganda basi umepunguziwa kazi nusu.

Kama ulisomea Congo, Burundi au kwingine, cheti chako lazima UNEB, baraza la mitihani la Uganda, wakilinganishe na cha hapa, sisi tunaita kufanya ikweti. Cheti cha Kifaransa kinatakiwa kwanza kitafsiriwe Kiingereza na mfasiri anayetambuliwa, sio na rafiki yako mwenye kompyuta. Ukimaliza shule Congo una Diplome d'Etat, ifanyie ikweti mapema kabla hujaona tangazo lolote, kwa sababu tangazo likitoka linakupa wiki mbili na ikweti haifuati haraka yako. Vyeti vya juu, diploma na digrii za nje, hivyo vinaenda NCHE, wao ndio baraza la elimu ya juu.

Lakini kinachoua watu wengi ni majina. Kwenye diploma wewe ni Mwamini Furaha Ndoole, kwenye kadi ya ukimbizi ofisa alikuandika Furaha Muamini, kwenye simu umesajiliwa vingine tena. Kwa mwajiri hao ni watu watatu. Kaa chini leo, weka karatasi zote mezani, soma herufi moja moja, na palipo tofauti nenda kwa wakili au kamishna wa viapo ufanye afidaviti, na kadi ya ukimbizi omba OPM, ofisi ya Waziri Mkuu, wairekebishe. Ni kazi ya miezi, ndio maana nasema leo.

Na usikubali mtu akwambie mkimbizi haruhusiwi kufanya kazi. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inakupa hiyo haki. Beba kadi yako, barua ya LC1 (serikali ya kijiji) au ya mwenyekiti wa wakimbizi wa kijiji chako, na kwa shule za Kampala jiandae na cheti cha tabia njema cha polisi, kile kinatolewa na ofisi ya Interpol.

Kama huna karatasi hata moja, zilibaki kwenye nyumba iliyochomwa, mimi nakushauri urudi shule. Nimeona mama wa watoto wawili amekaa S.3 na yunifomu, akamaliza, leo ni keagiva. Inachoma moyo kukaa na watoto wa miaka 15 ila miaka miwili inapita hata ukiwa umekaa nyumbani.

Hatua ya 3: ingia darasani KABLA ya kulipa chuo

Hii wengi wanaigeuza, wanalipa kwanza alafu wanagundua hawawezi kukaa na watoto 100 kuanzia asubuhi mpaka mchana. Tafuta shule karibu na wewe, nenda kwa hedimasta, mwombe muhula mmoja wa kujitolea, siku tatu kwa wiki. Usiende Jumatatu asubuhi maana kuna paredi na wazazi wa ada wamejaa ofisini, na usiende siku ya mwisho wa mwezi. Jumatano baada ya chakula cha mchana ndio anakuwa na masikio.

Ukishaingia, wiki ya kwanza kaa nyuma uangalie tu. Andika majina. Mtoto ukimwita jina lake siku ya tatu umeshashinda nusu ya kelele.

Kuhusu kutafsiri, nilikosea sana mwanzoni kwa hiyo soma hapa polepole. Nilikuwa natafsiri kila sentensi ya ticha papo hapo, yaani akifungua mdomo na mimi nafungua, na baada ya mwezi watoto wa Kiswahili wakaacha kabisa kumsikiliza, wanangoja mimi. Ticha mwenyewe ndiye aliniambia, kwa upole, nikaona aibu. Tangu hapo mnakubaliana naye kabla ya somo: yeye anasema kwa Kiingereza mara mbili na anaonyesha kwa mikono, watoto wanajaribu, waliokwama ndio unawasogelea na kuwaambia kwa sauti ya chini kwa lugha yao. Neno jipya lile gumu unaweza kulitoa kwa darasa zima mara moja, basi. Mtaala wa P.1 hadi P.3, ule wa mwaka 2007, wenyewe unataka mtoto mdogo aanzie kwenye lugha ya eneo lake ndipo P.4 ahamie Kiingereza, ila kambini eneo moja lina lugha saba, kwa hiyo hiyo kazi ya kumvusha mtoto inakuangukia wewe.

Kwenye kusoma, jua hili: mtoto wa Kiswahili amezoea herufi inasema kitu kimoja siku zote, a ni a, e ni e, i ni i. Akikutana na Kiingereza, herufi hiyo hiyo inabadilika sauti kila neno na anajiona mjinga. Mwambie wazi kwamba hajakosea, Kiingereza ndio kiko hivyo, alafu anza na yale anayoweza: ba be bi bo bu, aone kwamba kusoma anakujua, kisha muongeze maneno ya Kiingereza machache machache kwa picha.

Na hesabu, hapo lugha yetu ni dawa. Kwa Kiswahili 11 ni kumi na moja, 12 ni kumi na mbili, namba inajieleza yenyewe kumi iko wapi na moja iko wapi. Kiingereza kinaficha, 11 na 12 zina majina ambayo mtoto hawezi kuona kumi ndani yake. Okota vifuniko vya soda, funga kumi kumi kwenye kamfuko, weka kamfuko kamoja na kifuniko kimoja pembeni, mtoto aseme kwa Kiswahili kwanza "kumi na moja" huku anashika, ndipo umpe jina la Kiingereza. Niliwahi kufanya hivyo na watoto kumi na wanne chini ya mti wa mwembe wiki mbili tu, na wakarudi darasani wakiwa wanajumlisha. Sikutumia hela yoyote, vifuniko nilivitoa dukani kwa jirani na kadi za herufi nilikata kwenye maboksi ya mafuta ya kula.

Kazi zingine ni ndogo ila ndio zitakufanya ticha akulilie usiondoke: kujaza rejista, kuchonga penseli, kusahihisha madaftari ya wale wa nyuma, kupanga mstari wa uji, kujua nani hajaja siku tatu na kupita kwao jioni kuuliza kuna nini.

Fimbo usiiguse. Kuchapa watoto shuleni kumepigwa marufuku na sheria ya watoto iliyorekebishwa 2016, na wewe msaidizi ndiye wa kwanza kutupwa nje mzazi akilalamika, lakini hata bila sheria, mtoto aliyekimbia vita ukimwinulia mkono anaganda, na somo la siku hiyo limeisha kwake. Ukiona alama za kupigwa, au msichana anaogopa kurudi nyumbani, mwambie mwalimu wa malezi wa shule, na kuna namba ya bure ya watoto Uganda nzima, 116, inaitwa Sauti. Iweke kwenye simu. Usiahidi mtoto kwamba utatunza siri, mwambie utatafuta mtu wa kusaidia.

Omba barua ya huo muhula kabla hujaondoka, yenye muhuri, tarehe, darasa ulilokuwa na kazi ulizofanya. Bila barua hiyo muhula wako haupo.

Hatua ya 4: chuo

Hapa ndipo nilipopoteza mwaka mzima na pesa ya mbuzi watatu, nawaambia bila kuficha. Nililipa chuo kimoja cha mjini, jengo zuri, wakaniambia kozi ya miezi sita ya ulezi wa watoto na cheti juu. Nilipopeleka kile cheti kuomba kazi, ofisa akakigeuza nyuma na mbele akaniuliza nani aliyetunga mtihani. Ni wao wenyewe walitunga, walisahihisha, walichapisha. Hakikunisaidia popote.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi ya fomu, uliza haya: mtihani wa mwisho unatungwa na nani? Jina gani litakuwa juu ya cheti? Mazoezi ya kufundisha yanafanyika shule gani na nani anakuja kukuona ukifundisha? Kama ni diploma au digrii, angalia kwenye orodha ya NCHE ya intaneti, chuo na KOZI yenyewe, maana chuo kinaweza kuwa halali na kozi haipo. Chuo kizuri hakikasiriki ukiuliza.

Njia zilizopo ni hizi. Cheti cha malezi na elimu ya watoto wadogo, wengi wanakiita ECD, ndio njia fupi ya kuingia nasari, na kwa miaka mingi vyuo vinavyofundisha hicho vimekuwa chini ya chuo kikuu cha Kyambogo kwa mitihani. Juu yake kuna diploma, na juu zaidi digrii. Na usisome cheti ukifikiri safari imeisha, kwa sababu Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 imeamua kwamba mwalimu wa Uganda awe na digrii, kuanzia ngazi za chini, na ndio sababu serikali imeunda UNITE, taasisi ya taifa ya kusomesha walimu hadi digrii, yenye kampasi Shimoni, Kabale, Kaliro, Mubende, Muni na Unyama. Walimu wa Grade III waliozoea kufundisha na cheti wanarudi darasani sasa hivi, na watu wengi wanalalamika kuhusu gharama, malalamiko ambayo mimi nayaelewa kabisa. Wewe unayeanza leo chagua cheti ambacho diploma itakipokea, na diploma ambayo digrii itaipokea. Uliza hilo swali chuoni: nikimaliza hapa, nani atanichukua?

Ukiwa unafanya kazi kuna mfumo wa kusoma likizo, unafundisha muhula, shule zikifungwa unaenda chuo. Unachosha, lakini ndio ulionitoa mimi.

Pesa: kwa wakimbizi kuna DAFI, ufadhili wa UNHCR wa digrii ambao ulianza 1992, serikali ya Ujerumani ndiyo mchangiaji mkubwa. Nafasi ni chache na ushindani ni mkali, na wanaangalia matokeo ya S.6, kwa hiyo ndugu yako mdogo mwambie sasa akiwa S.5. Cheti na diploma mara nyingi utalipa mwenyewe kidogo kidogo, omba chuo wakuandikie mpango wa malipo kwenye karatasi.

Hatua ya 5: fikiria watoto wenye ulemavu

Kama ungeniuliza nafasi iko wapi, ningekuonyesha huku. Kyambogo ndiyo imebeba elimu maalum Uganda kwa miaka mingi, hata kabla ya 2003 pale vyuo vitatu vilipounganishwa kuwa chuo kikuu, kimoja kati ya vitatu hivyo kilikuwa taasisi ya elimu maalum. Kuna kozi za elimu maalum na kuna diploma ya ukalimani wa lugha ya alama. Lugha ya alama ya Uganda ina heshima yake, katiba ya 1995 inaitaja kwamba serikali itaikuza, lakini nenda shule ya kijijini uone kiziwi amekaa nyuma mwaka wa tatu anachora tu maua.

Anza na kidogo: jifunze alfabeti ya vidole na alama 50 za darasani, kaa, simama, choo, maji, andika, vizuri. Jifunze kumkalisha mwenye uoni hafifu mbele karibu na dirisha, jua liwe nyuma yake, na umwandikie herufi kubwa na kalamu nyeusi. Haya hayahitaji cheti na yanabadilisha siku ya mtoto hiyo hiyo. Alafu ukiwa na cheti milango ni mingi: mzazi wa mjini anatafuta msaidizi wa kukaa na mtoto wake wa otizimu shuleni, mashirika yanatafuta, na UNEB inawaruhusu watahiniwa wenye ulemavu wawe na wasaidizi kwenye mtihani, wakalimani wa alama na wa kuandika, pamoja na muda wa ziada.

Hatua ya 6: pesa na ngazi

Kambini msaidizi wengi wanapata posho, sio mshahara, na mkataba unafuata mradi. Mradi ukiisha Desemba, Februari shule inaweza ikafunguliwa bila wewe. Usikope kwa kutegemea mkataba wa mwaka ujao. Mwalimu wa praimari wa serikali mwenye Grade III anapata kama shilingi 500,000 kwa mwezi kabla ya makato, na yeye amesajiliwa, kwa hiyo pima matarajio yako. Shule za kimataifa zinalipa vizuri zaidi ila Kiingereza chako kitapimwa kwa kuongea na kwa kuandika.

Kutoka usaidizi nimeona wenzangu wakienda keagiva, alafu mkuu wa nasari, wengine wakafungua nasari zao kwenye uwanja wa kanisa. Wengine wamekuwa maofisa wa ulinzi wa watoto kwenye mashirika kwa sababu wanajua kila nyumba. Na kuna njia moja ambayo sisi wa Kiswahili tumeilalia: kufundisha Kiswahili chenyewe. Tangu mtaala mpya wa sekondari wa 2020 Kiswahili ni lazima S.1 na S.2, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima praimari na sekondari. Walimu hawatoshi. Sisi tunakiongea tangu tumboni, lakini cha Kivu na cha mtaani Arua sio kile cha mtihani, ngeli zitakuadhibu, kwa hiyo soma vitabu vya sarufi na usikie redio za Tanzania. Makerere na Kyambogo wana ualimu wenye Kiswahili. Msaidizi mwenye S.6 na Kiswahili, hiyo digrii ifikirie kabla ya zingine zote.

Ukimaliza chuo cha ualimu, jisajili wizarani kwenye ule mfumo wa walimu unaitwa TMIS. Bila usajili huombi kazi ya serikali.

Hatua ya 7: barua ya maombi

Ukurasa mmoja, Kiingereza, jina kama lilivyo kwenye kadi. Mstari wa kwanza utaje lugha zako ZOTE na kiwango: unaongea, unasoma, unaandika. Watu wanaandika "naongea lugha nyingi" na kuacha hapo, wakati mwajiri anatafuta hasa mtu wa Kiswahili na Kinyabwisha, au Kirundi na Kinyarwanda. Mstari wa pili taja muhula uliojitolea, darasa na idadi ya watoto. Mstari wa tatu kitu kimoja ulichofanya kikaonekana, kama vile vifuniko vya soda. Ambatanisha nakala za vyeti, ikweti, barua ya hedimasta, ya LC1, na weka namba mbili za simu maana moja itakuwa haina chaji. Vyeti halisi bakia navyo mwenyewe kwenye mfuko wa plastiki, ofisi wanapewa nakala tu. Na ukipeleka mkononi mwombe anayepokea akugongee muhuri kwenye nakala yako ya barua, na tarehe, ili siku wakisema hawakuiona uwe na cha kuwaonyesha.